Norma iliyokatika katikati: Callas, Roma na neno diva

Alhamisi ya tarehe 2 Januari 1958, Teatro dell'Opera ya Roma ilifungua msimu wake kwa Norma, opera ya Vincenzo Bellini. Rais wa Italia, Giovanni Gronchi, alikuwa ukumbini pamoja na mkewe. Shirika la utangazaji la RAI lilikuwa likirusha onyesho moja kwa moja redioni, kwa hiyo hata aliyekosa tiketi alisikiliza nyumbani kwake. Sehemu ya kwanza ikaisha, pazia likashuka, watu wakatoka kunyoosha miguu. Waliporudi vitini hakukutokea kitu. Mapumziko yakarefuka, minong'ono ikawa manung'uniko, manung'uniko yakawa makelele. Mwishowe likatolewa tangazo kwamba onyesho haliendelei kwa sababu zisizozuilika.

Rais akaondoka. Maria Callas, mwimbaji aliyeigiza Norma, hakutoka kwa mlango wa mbele wala wa nyuma. Domenico Costanzi, mfanyabiashara aliyejenga ukumbi ule na kuufungua mwaka 1880, alikuwa pia mwenye hoteli ya Quirinale iliyo jirani, na majengo hayo mawili yameunganishwa kwa njia ya chini kwa chini. Callas alipitishwa humo, kwa sababu nje umati ulikuwa umekusanyika ukimporomoshea matusi.

Kila anayetaka kueleza kwa nini diva maana yake ni mwanamke mwenye kipaji na kisirani hukimbilia usiku huu. Mimi nimeufuata hatua kwa hatua nikaona jambo jingine: ukumbi uliuza jina la mtu mmoja bila kuweka akiba, jina lilipougua hasara ikawa kubwa, na hasara hiyo ikaandikwa kwenye hesabu ya tabia ya mwanamke. Callas naye ana sehemu yake ya lawama. Nitafika huko.

Jina lililotangulia

Callas alizaliwa New York mwaka 1923 kwa wazazi Wagiriki, akasomea uimbaji Athens kwa Elvira de Hidalgo, na akaingia Italia mwaka 1947 akiimba katika uwanja wa kale wa Verona. Kilichomtoa kwenye kundi ni Januari 1949 huko Venice. Alikuwa anaimba nafasi ya Brünnhilde katika opera ya Wagner, kazi ya sauti nzito kama chuma. Mwimbaji wa opera nyingine, I puritani, aitwaye Margherita Carosio, akaugua, na Callas akaibeba nafasi ile ndani ya siku chache, ilhali inataka sauti nyepesi inayokwenda mbio. Watu wa fani hawakuamini kwamba koo moja linaweza kazi zote mbili. Yaani jina lake lenyewe lilijengwa na ugonjwa wa mwingine na ukumbi uliotafuta mbadala haraka. Hilo tuliweke akilini.

Miaka minane baadaye hakuna ukumbi mkubwa wa opera ambao haukumtaka. Ila mwaka 1957 ulikuwa umemwachia doa ambalo hakulistahili lote. Agosti, kampuni ya La Scala, nyumba ya opera ya Milan, ilikwenda naye kwenye tamasha la Edinburgh kuimba La sonnambula. Mkataba wake ulisema maonyesho manne. La Scala ikatangaza la tano bila ridhaa yake. Akaimba manne yake, akaondoka. Renata Scotto, binti wa miaka 23, akaimba la tano na kuanzia hapo akawa nyota. La Scala haikujitokeza kusema kwamba Callas alikuwa amemaliza kazi aliyoandikiwa. Iliacha watu waamini kwamba ametoroka. Yeye naye akaonekana Venice kwenye sherehe ya Elsa Maxwell, mwandishi wa habari za matajiri, picha zikachapishwa, hadithi ikakamilika. Baada ya hapo aliomba San Francisco Opera imsogezee tarehe kwa sababu ya afya. Ikauvunja mkataba.

Kwa hiyo alipoingia Roma, magazeti yalishakuwa na sentensi iliyoandikwa nusu, ikingoja tarehe tu.

Siku mbili kabla ya pazia

Usiku wa Desemba 31 Callas aliimba kwenye televisheni ya Italia, kisha akaenda kuupokea mwaka mpya kwenye klabu. Akapigwa picha na glasi ya shampeni mkononi. Tarehe 1 Januari sauti ikamkauka.

Aliutaarifu uongozi wa ukumbi kwamba anaumwa kweli, na kwamba waweke mwimbaji wa akiba. Jibu alilopewa limebaki maarufu: hakuna awezaye kuwa mbadala wa Callas. Linasikika kama sifa. Kikazi lilikuwa ni kukataa kutimiza wajibu. Katika nyumba za opera mbadala si fadhila anayofanyiwa mwimbaji. Ni mtu anayeijua nafasi yote, anayekaa karibu na simu, na anayelipwa hata asipofungua kinywa, kwa sababu koo ni nyama na nyama huvimba. Na Norma hii hii ilikuwa na ushahidi wa hilo. Fedora Barbieri, aliyepangwa kuimba Adalgisa, kuhani kijana anayependwa na mwanamume yule yule wa Norma, aliugua mafua, na Miriam Pirazzini akachukua nafasi yake bila mtikisiko wowote. Kwa Adalgisa akiba ilipatikana. Kwa Norma hawakutaka, maana tiketi zilikuwa zimeuzwa kwa jina lake, rais ameshaalikwa, mitambo ya RAI imeshafungwa.

Madaktari wakamhudumia. Siku ya onyesho akajisikia nafuu, akakubali kuimba.

Hapo ndipo naliona kosa lake la kwanza, na ni lake mwenyewe. Mwimbaji wa kiwango kile anaijua nafuu ya dawa: inakupeleka hadi jukwaani, haikurudishi. Angekataa asubuhi ile, ukumbi ungebaki na saa kadhaa za kuhangaika, na aibu ingekuwa yake nusu na ya ukumbi nusu. Alipokubali, aliuchukua mzigo wote peke yake. Ninaelewa kwa nini alikubali; baada ya Edinburgh na San Francisco, kughairi mbele ya rais kungekuwa kujichimbia kaburi. Lakini woga wa kuitwa mtoro ndio uliomfikisha mahali pa kuitwa mtoro.

Kuhusu ile sherehe ya mwaka mpya, sina moto nayo sana. Alikuwa na onyesho baada ya siku mbili, na mwimbaji mwangalifu angelala mapema. Ila mkamba, ule uvimbe wa mirija ya hewa ambao madaktari waliukuta, hausababishwi na glasi ya shampeni.

Jukwaani

Norma ni kuhani wa kike wa Wagali, watu wa Ufaransa ya kale, walio chini ya utawala wa Warumi. Watu wake wanataka vita. Yeye anawazuia, maana kwa siri amezaa watoto wawili na Pollione, liwali wa Kirumi. Anapoingia, maneno yake ya kwanza ni ya kuwakemea wanaothubutu kupaza sauti za uasi mbele ya madhabahu. Kisha anatabiri kwamba Roma yenye kiburi itakufa siku moja, lakini haitauawa na wao. Itakufa kwa maovu yake yenyewe. Mwandishi Felice Romani aliyatunga maneno hayo kwa onyesho la kwanza la Milan mwaka 1831. Hakujua yangekuja kuimbwa Roma, usiku wa namna hii, na mwanamke anayetazamwa na ukumbi mzima kama mshtakiwa.

Mara baada ya hapo, bila nafasi ya kupasha sauti moto, inakuja sala yake kwa mwezi: Casta diva, mungu wa kike aliye safi. Wimbo wenyewe ni mtego. Unakwenda taratibu, kila mstari unataka pumzi moja ndefu isiyokatika, na katikati sauti inapanda kwa kurudiarudia noti ile ile ya juu mpaka ifike kileleni. Kwenye noti hiyo ya kilele nyuzi za sauti, vijinyama viwili vyenye urefu unaokaribia wa kucha ya dole gumba, zinagongana zaidi ya mara 900 kwa sekunde. Zikiwa zimevimba hazikutani sawasawa. Hewa inavuja, sauti inakwaruza au inakatika ghafla, na kuisukuma kwa nguvu kunaweza kupasua mshipa wa damu. Wa kwanza kupotea ni uwezo wa kuimba juu kwa upole, na upole wa juu ndiyo Casta diva yenyewe. Mwimbaji wa taarab mwenye mafua atasogea karibu na kipaza sauti, wapiga vyombo watamfunika, na shabiki atamtunza hivyo hivyo. Opera haina kipaza sauti. Ni kifua cha mtu dhidi ya okestra nzima.

Rekodi ya sehemu hiyo ya kwanza ipo mpaka leo, kwa sababu ya RAI. Anayeifahamu sauti ya Callas hahitaji kuambiwa: mtu huyu anaumwa. Anapita Casta diva, anapita mbio zinazoifuata, anafika kwenye ugomvi wa watatu unaofunga sehemu ile, Norma, Adalgisa na Pollione, aliyeimbwa na Franco Corelli. Watu walipiga makofi, na baadhi yao walizomea. Inasimuliwa kwamba wengine walimpigia kelele arudi Milan.

Neno lenyewe

Usiku ule Callas alilitamka neno diva jukwaani kabla halijageuziwa kwake gazetini, na alilitamka kwa maana yake ya kale. Kwa Warumi, diva alikuwa mwanamke aliyekwisha kufa na kutangazwa mungu kwa idhini ya Seneti. Drusilla, dada yake Caligula, alitangazwa hivyo mwaka 38, na Livia, mjane wa Augusto, mwaka 42. Heshima hiyo haikupewa mtu angali anapumua.

Wapenzi wa opera wa Italia ndio waliomshusha mungu huyo kutoka hekaluni wakampa mwimbaji aliye hai, anayekohoa, anayedai malipo yake na kukosana na mumewe. Kumwabudu aliye hai kuna kasoro moja: anaweza kukataa. Miungu ya marumaru haikatai, ndiyo maana haichukizi. Maana ya pili ya neno, ile ya mwanamke mwenye makuu, mgumu, asiyeambilika, inazaliwa hapo hapo, pale mwabudiwa anaposema leo siwezi. Maana hizo mbili hazijatengana tangu hapo. Ni sifa na tusi katika neno moja, na anayelitamka huchagua upande kulingana na kama amepata alichokilipia.

Wanaume walikuwa na neno lao pia, divo. Halikuwahi kuota meno.

Mapumziko

Turudi nyuma ya pazia. Sehemu ya kwanza imekwisha, na mbele kuna nyingine iliyo nzito zaidi: Norma akiwa na kisu juu ya watoto wake waliolala, nyimbo mbili za pamoja, mmoja na Adalgisa na mwingine na Pollione, mwito wa vita, na maungamo ya mwisho. Uongozi unamsihi aendelee. Inaelezwa kwamba aliombwa hata atoke tu, aigize na kusema maneno badala ya kuyaimba. Anakataa.

Ukumbi ulikuwa na njia gani? Kumpandisha mbadala ni njia ambayo wao wenyewe waliifunga siku moja kabla. Kutangaza ukweli mapema, kwamba Bi Callas anaumwa na daktari yuko naye, kungewezekana dakika kumi tu baada ya pazia kushuka. Hawakufanya hivyo. Wakawaacha watu zaidi ya elfu moja, pamoja na mkuu wa nchi, wakae gizani kwa habari, kisha wakatoa tangazo lisilotaja ugonjwa. Sababu zisizozuilika ni lugha ya mwanasheria anayejikinga. Mtu aliyevaa suti yake bora na kulipa tiketi ya ufunguzi wa msimu hujaza pengo hilo mwenyewe, na alichonacho cha kulijazia ni picha ya shampeni aliyoiona gazetini juzi.

Hilo tangazo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya usiku ule, kubwa kuliko hata kukosa mbadala. Kukosa mbadala kuliua onyesho moja. Ukimya uliua heshima ya mtu.

Madaktari walithibitisha mkamba na uvimbe wa njia ya hewa. Callas akamwomba radhi rais kwa barua. Mke wa rais akampigia simu kumwambia kwamba wao walijua anaumwa. Simu, faraghani. Hadharani Ikulu haikusema neno, na neno moja tu la Gronchi lingezima moto wote. Suala likafika mpaka bungeni.

Nje ya Italia mambo yakawa mabaya zaidi kwa namna ya hila. Filamu moja ya habari ilionyesha picha za Callas akiimba vizuri kabisa, msimulizi akidokeza kwamba ni mazoezi ya Norma ile ya Roma, eti mnamsikia alivyo mzima. Picha zile zilikuwa za mwaka 1955. Msimulizi akaongeza utani kwamba anayetaka kumsikia Callas aende mazoezini, maana huko hukaa mpaka mwisho. Watu wakacheka. Nani angeuliza tarehe ya picha?

Asiyekuwa na mbadala apata mbadala

Tarehe 4 Januari, siku mbili baadaye, Teatro dell'Opera ikaonyesha Norma. Aliyeimba ni Anita Cerquetti, mwenye miaka 26, ambaye wakati huo huo alikuwa akiimba Norma hiyo hiyo kwenye ukumbi wa San Carlo huko Napoli. Akawa anakwenda na kurudi kati ya miji hiyo, zaidi ya kilomita 200 kila upande, na Italia nzima ikamshangilia. Callas alikuwa tayari kumalizia maonyesho yake afya iliporejea, akazuiwa hata kuingia ukumbini.

Mimi huona tarehe 4 inaeleza kila kitu. Kama Cerquetti aliweza kupatikana tarehe 4 akiwa na kazi nyingine mkononi, alitafutwa lini kwa ajili ya tarehe 2? Jibu tunalo, na uongozi wenyewe ndio uliolitoa: hawakumtafuta mtu. Sifa ya kwamba Callas hana mfano iliwaokolea malipo ya mwimbaji wa akiba.

Callas akaushitaki ukumbi. Kesi ikachukua miaka 13. Wakati huo wote maisha yaliendelea kumbana: Aprili 1958 alirudi La Scala kwa Anna Bolena mbele ya watu waliokuja na nyuso za mahakama, na alipofika pale malkia anapopiga kelele akiuliza iweje Anna awekewe waamuzi, akasogea mbele ya jukwaa akawatupia maneno yale wao. Waliinuka wakimshangilia. Mwaka huo huo akaachana na La Scala, na Novemba Rudolf Bing wa Metropolitan ya New York akamvunjia mkataba kwa ugomvi wa ratiba. Opera yake ya mwisho jukwaani ilikuwa Tosca, London, Julai 1965.

Usiku kama ule, mwimbaji mwingine

Desemba 2006, La Scala, Aida. Mwimbaji Roberto Alagna anazomewa mwanzoni mwa kazi.  Anaondoka jukwaani papo hapo, muziki ukiendelea. Sekunde chache baadaye anaingia Antonello Palombi, mbadala wake, akiwa bado na nguo zake za kawaida, anaanza kuimba, na onyesho linafika mwisho. Alagna alisemwa sana wiki ile, lakini kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la Callas na madhara yake yakawa madogo. Kilichotofautisha ni mtu mmoja aliyesimama nyuma ya pazia akiijua nafasi yake.

Na yupo Luciano Pavarotti, mwimbaji maarufu wa Italia. Mwaka 1989 Ardis Krainik, mkuu wa Lyric Opera ya Chicago, alikata uhusiano naye kwa sababu kati ya maonyesho 41 aliyoandikiwa pale tangu mwaka 1981 alikuwa amekosa 26. Magazeti yakamwita mfalme wa kughairi, kwa tabasamu, na mwaka uliofuata aliimba kwenye Kombe la Dunia huko Roma akapendwa na watu ambao hawajawahi kuingia nyumba ya opera. Callas aliacha sehemu moja ya onyesho moja, akiwa na vyeti vya daktari.

Hukumu ilipotoka mwaka 1971, mahakama ililiona kosa ni la Teatro dell'Opera, kwa kutoweka mbadala baada ya kutaarifiwa. Mwaka huo huo Callas alikuwa New York, shule ya muziki ya Juilliard, akiwafundisha waimbaji vijana. Hakuwahi kuimba tena kwenye ukumbi ule wa Roma, na alikufa Paris Septemba 1977. Habari ya hukumu haikupata ukurasa wa mbele kama iliyoupata ile ya Januari 3, na ndiyo maana ukimuuliza shabiki wa opera leo juu ya usiku ule, atakusimulia habari za mwanamke aliyemwacha rais kitini. Ya mahakama wengi hawajaisikia kabisa.